Kerezo Lilivyofika Ziwani

Mtu aingiaye Kisumu asubuhi ya Jumapili kwa njia ya Kakamega, akishuka kutoka Kondele hata akafika soko la Kibuye wakati ambapo wauza mitumba na wauza omena wamekwisha kuzagaa hadi ukingoni mwa barabara, husikia, katikati ya ghasia za nyundo na misumeno, sauti moja isiyochangamana na nyingine: mlio mwembamba wa mfululizo, mfano wa nyuki walio mzingani, upandao kila chuma kinapougusa mti na kushuka kila kinapoondolewa. Hiyo ndiyo sauti ya kerezo. Aghalabu kitokacho humo ni mguu wa kitanda, au wa meza, au kinguzo cha ngazi. Lakini mara moja moja, siku ambayo fundi hana kazi ya haraka na amebakiwa na kipande cha gogo kisichofaa kupasuliwa mbao, hutoka jagi la maua, lenye tumbo pana na shingo nyembamba, tupu ndani kama mtungi.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiyapita majagi hayo bila ya kuyatia maanani, hata siku moja nikajiuliza imekuwaje nchi hii ya ziwani, ambayo vyombo vyake vya duara vimesifika tangu zama za mababu, isiwe na chombo cha mti kilichokerezwa ila katika siku hizi za karibuni. Wako wasemao kuwa watu wa bara hawakuwa na maarifa hayo, na kwamba ustaarabu wa kerezo uliwafikia kwa rehema ya reli. Mimi sikubali. Nadhani taarikhi yenyewe, ikisomwa kwa utulivu, yasema kinyume chake: chombo hicho kilichelewa kwa kuwa hapakuwa na haja nacho, na kerezo lenyewe lilipofika halikuletwa kwa ajili ya vyombo.

Na tuanze pwani, ambako neno la kazi hii limezoeleka. Kukereza ni kuuzungusha mti ukikatwa kwa chuma hata uwe mviringo. Afanyaye kazi hiyo ni mkerezaji, na chombo chake ni kerezo. Mwenye kutaka kuona kazi ya wakerezaji wa kale na avitazame vitanda vya Lamu na Siyu, ambavyo miguu yake ilikatwa pete kwa pete, ikapakwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano ingali inazunguka, au azitazame nguzo fupi za baraza na ngazi katika majumba ya Unguja, ambako mafundi wa Kihindi kutoka Kach na Kathiawar waliacha alama ya mikono yao. Lakini atazame vizuri, kwani ataona kwamba karibu kila kitu kilichokerezwa huko ni kigumu ndani: ni mguu, ni nguzo, ni pao. Vyenye uwazi ni vichache, na sababu yake imo katika kerezo lenyewe.

Kerezo la uta huushika mti baina ya ncha mbili za chuma. Kamba ya uta huzungushwa mara moja kiunoni mwa mti, na fundi, akiwa ameketi chini, huusukuma na kuuvuta uta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, akisaidiwa na vidole vya mguu, hushika patasi. Mti huenda mbele ukarudi nyuma, na patasi hula pale tu mti unapomjia fundi, ndiyo kusema nusu ya mwendo wote ni bure. Kwa mguu wa kitanda hayo yatosha kabisa. Ama chombo chenye uwazi kina sharti lake: mdomo wake lazima uwe huru, usizibwe na ncha, ili chuma kipate kuingia ndani. Fundi wa ncha mbili akitaka bakuli hana budi kubakiza kiini katikati, kama kokwa ndani ya embe, akikata kukizunguka pande zote, kisha akivunje mwisho wa kazi. Njia hiyo hufaa chombo cha mdomo mpana. Haifai jagi, kwa sababu katika shingo nyembamba kiini na shingo hugombania nafasi moja, na ashindwaye katika ugomvi huo ni fundi.

Sasa twende ziwani. Hapa, kabla ya kufika reli, uviringo haukutafutwa kwa mashine yoyote, kwani ulipatikana kwa njia mbili ambazo hata leo hazijashindwa. Ya kwanza ni kibuyu, ambacho hujiotea chenyewe kwa duara. Ukikipasua wapata agwata, kata ya kunywea uji na maji. Ya pili ni udongo. Mfinyanzi wa Kijaluo ni mwanamke, naye hatumii gurudumu: hukiweka kitako cha chungu juu ya kigae, akaongeza udongo uliosokotwa, pete juu ya pete, akikigeuza kidogo kidogo au akikizunguka yeye mwenyewe kwa hatua za nyuma, huku kiganja kimoja kikiwa ndani na kingine nje. Wanachuoni Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliokaa na wafinyanzi wa upande wa Siaya, wameandika kwamba aghalabu mwanamke hujifunza kazi hii baada ya kuolewa, kwa mama mkwe wake, hata mtindo wa vyungu ukawa ni wa mji alioolewa, si wa mji aliozaliwa. Hivyo ndivyo vilivyopatikana dapi ya maji, na thago ya pombe ambayo wazee waliizunguka na kunywa kwa mirija mirefu iitwayo oseke, na vyungu vingine vingi ambavyo kila kimoja kina jina na kazi yake.

Mwenye dapi nyumbani ataka nini kwa jagi la mti? Udongo huvuja jasho, na jasho likikauka hupoza maji yaliyomo. Mti hauna hisani hiyo. Mti ukinywa maji huvimba, ukikauka hunywea, na kati ya kuvimba na kunywea huatuka. Watu wa ziwani waliujua mti kwa undani wala hawakuudharau: waliutumia kwa kigoda cha mzee, kilichochongwa kwa tezo kutoka katika gogo moja, na kwa mipini, na kwa miiko, na kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, kazi ambayo kwa maoni yangu yashinda jagi lolote kwa ustadi. Lakini maji ya kunywa waliyaachia udongo. Husemwa hata jina la Kisumu lenyewe latokana na neno la Kijaluo lenye maana ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, na katika masoko ya kubadilishana vyungu ni bidhaa isiyokosa.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ufuoni tarehe 20 Desemba 1901, baada ya maili 582, siku ambayo mke wa Ronald Preston, msimamizi wa utandikaji, alipiga kabari ya mwisho, na kituo kikaitwa Port Florence. Wakati huo Kisumu ilikuwa bado katika mamlaka ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa mashariki mwaka uliofuata, 1902. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba ili kuifanya kazi hiyo, wengi wao watu wa Punjab. Mikataba ilipokwisha sehemu kubwa walirudi kwao, wasibaki ila wapata 6,700. Miongoni mwa waliokuja Afrika ya Mashariki katika siku hizo, kwa mkataba au kwa hiari yao baadaye, walikuwamo Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambao jadi yao ni useremala na uhunzi. Watu wa bara waliwaita Makalasinga, kwa jina la mfanyabiashara mmoja, Kala Singh, aliyetangulia kujulikana. Na jina la mtu mmoja likawa jina la kaumu nzima, jambo ambalo sidhani kama liliwapendeza wote.

Hao ndio walioleta kerezo la gurudumu. Lakini walilileta kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya vyombo vya moto. Kisumu haikuwa mwisho wa reli tu, bali ilikuwa pia mwanzo wa safari za ziwani. Hata kabla ya garimoshi kufika, vipande vya meli ya William Mackinnon vilikuwa vimekwisha kuletwa kutoka pwani, masafa marefu ya mwisho vikibebwa na wapagazi, vikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1900. Ikafuata Winifred mwaka 1902, kisha Sybil, na mwaka 1907 Clement Hill, zote zikiletwa katika vipande kutoka Uingereza na kuungwa kwa ribiti katika bandari hiyo hiyo, ambako palichimbwa gudi la kutengenezea meli. Meli hazitengenezwi pasipo kerezo. Mhimili ukichakaa hukerezwa upya. Shaba ya kuzungukia mhimili hukerezwa. Na kitu cha chuma kikitakiwa kusubiwa, sharti kwanza kifanywe kwa mti, umbo lile lile, ili likandamizwe katika mchanga na kuacha nafasi ya kumiminia chuma. Umbo hilo la mti huitwa kalibu. Ni fundi wa kalibu, nadhani, aliyekuwa jamaa wa karibu zaidi wa mkerezaji wa majagi wa leo, kwa sababu yeye ndiye aliyelazimika kuufikiri mti kwa ndani na kwa nje pamoja, akijua kwamba kosa la unywele mmoja litarudi kwake likiwa ni kosa la chuma.

Kerezo hilo lina kichwa kimoja chenye nguvu. Mti waweza kufungwa kwa skrubu katika sahani ya chuma upande mmoja tu, na upande wa pili ukabaki wazi, ukizunguka daima mwendo mmoja pasipo kurudi nyuma. Basi mlango wa chombo chenye uwazi ulikuwa umefunguka, walakini kwa miaka mingi hakuna aliyeuingia, maana kazi zilizodaiwa zilikuwa nyingine: miguu ya meza za maofisa, vinguzo vya veranda, mipini ya patasi, roda za kapi za majahazi.

Wala si kila mtu aliyeruhusiwa kulishika. Katika reli ya zama hizo mishahara ilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na ufundi ulipangwa vivyo hivyo. Kijana wa Kisumu aliyeajiriwa karakanani alikuwa spanaboi: alipitisha spana, alifagia vumbi la mti, alizungusha gurudumu, na alitazama. Skuli ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1906, ilifundisha useremala pamoja na kusoma. Lakini mwaka 1908 wanafunzi wake waligoma kwa kulalamikia wingi wa kazi za mikono, wakataka wazidishiwe masomo. Mgomo huo hutajwa leo kwa mzaha kuwa ndio uliowafungulia njia wagomaji wote wa skuli za Kenya, lakini mimi nauona wa haki kabisa. Vijana wale walikuwa wamekwisha kutambua kwamba katika serikali ile mwenye kalamu alikuwa mbali zaidi na fagio kuliko mwenye randa. Matokeo yake ni kwamba ustadi wa kerezo haukupita kwa mlango wa skuli bali kwa mlango wa nyuma, kwa macho ya spanaboi.

Halafu mambo yalibadilika kwa haraka. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wale wasiochukua uraia, na katika muda wa miezi michache maelfu ya Wahindi wakaondoka kwenda Uingereza kabla ya mlango wa huko nao kufungwa mwanzoni mwa 1968. Karakana zilibadilisha mikono. Mwaka 1977 ikavunjika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na pamoja nayo shirika la pamoja la reli, hata bandari ya Kisumu iliyokuwa ikipiga kelele usiku na mchana ikaanza kunyamaza. Mafundi waliokuwa wamezoea kukereza kwa ajili ya meli wakatafuta riziki kwa kukereza kwa ajili ya vitanda, chini ya mabati na chini ya jua, na jina la jua kali likawashika.

Mkerezaji niliyezoea kumtembelea ana kerezo alilolijenga mwenyewe. Kitanda chake ni boriti mbili za mkaratusi. Kichwa ni kitovu cha gurudumu la gari, pamoja na bolibeari zake. Mota ni ya umeme, imefungwa chini kwa mbao, na mkanda ni wa kinu cha posho. Patasi zake hazikununuliwa dukani. Moja ni tupa iliyonolewa, nyingine ni springi ya gari iliyopigwa moto na kukunjwa ncha kama mdomo wa kasuku. Hiyo ya kasuku ndiyo ya ndani.

Siku niliyoketi kumtazama alikuwa na kigogo cha mwembe kilicholala nje misimu miwili ya mvua, hata kuvu ikachora ndani yake mistari myeusi, myembamba, kama wino uliokimbia karatasini. Alikifunga katika sahani kwa skrubu nne, akakiviringisha kwanza kwa nje, chembe kubwa kubwa zikimrukia kifuani. Akachora tumbo, akachora shingo, kisha akatoboa katikati kwa keekee ndefu hata akabakiza vidole viwili kufika kitako. Hapo akaacha kutazama. Maana kazi ya ndani ya jagi haionekani: mdomo ni upana wa yai, chuma kimeingia gizani, na kila baada ya punde mvumo hubadilika kwa sababu takataka zimejaa tumboni, ikabidi mashine isimamishwe na jagi litikiswe zimwagike. Fundi aligeuza uso wake kando kabisa, kuelekea barabarani, akawa anakata kwa sikio. Mti ukiwa mnene husema kwa sauti nzito. Ukipungua, sauti hupanda. Alipodhani imetosha alisimamisha, akagonga tumbo kwa kucha mara tatu, juu, katikati na chini, akatikisa kichwa.

"Chini bado inazungumza kama mzee," akaniambia.

Akarudi ndani. Mara ya pili alipogonga, sauti zote tatu zilikuwa moja. Kisha msasa, ambao zamani huko pwani ulikuwa ni jani la mti wa jina hilo hilo, kisha nta iliyopakwa jagi likiwa bado lazunguka, hata ile mistari myeusi ikajitokeza kana kwamba imeandikwa siku hiyo. Tangu kufunga skrubu hadi kupaka nta ulipita muda wa saa mbili na nusu. Katika muda huo, alisema pasi na uchungu wowote, angekereza miguu minane ya vitanda na kulipwa yote kabla ya jioni.

Nilimwuliza basi kwa nini anafanya. Akacheka. "Mwalimu, mguu wa kitanda naufanya kwa ajili ya mwenye kitanda."

Zamani miti ya kazi hii ingekuwa mvule au ober, au siala kwa vitu vidogo. Siku hizi ni nadra. Tangu amri ya Februari 2018 ya kusimamisha ukataji katika misitu ya serikali, magogo mengi ya fundi huyo yalitoka mijini na mashambani: jakaranda iliyoangushwa na upepo, mwembe uliozeeka, grevilea ya mpakani. Mti wa namna hiyo huja mbichi, na aliye na subira huukereza nusu, akiuacha ukuta mnene kama kidole gumba, akaufukia katika takataka zake wenyewe miezi kadhaa ukauke polepole, ndipo aumalize. Asiye na subira huumaliza siku hiyo hiyo na kuuza.

Nami ndivyo nilivyouziwa jagi langu la kwanza, miaka mingi nyuma, katika duka moja la vitu vya wageni. Liliatuka wiki ya tatu, ufa mmoja tangu mdomoni hadi kitakoni, kwa mlio uliotuamsha usiku. Nilipolirudisha niliulizwa iwapo nilitia maji. Nilikuwa nimetia, na waridi tatu. Muuzaji akanitazama kwa huruma ambayo hata leo sijaisahau, akasema hilo si la maji.

Hili la mwembe nililinunua kwa fundi mwenyewe, baada ya kulisubiri tangu kiangazi hadi masika. Ukuta wake ni mwembamba kama ganda la kifuu, na mdomo wake, uliokuwa duara kamili siku ulipokerezwa, sasa umevutwa kidogo upande mmoja. Lipo juu ya meza yangu ya kuandikia, na ndani yake mna mabua saba ya togo, yale mafunjo yaotayo katika kinamasi cha Dunga, yaliyokaushwa kichwa chini na mama mmoja afumaye mikeka huko. Maji ya kunywa yako ndani ya dapi, pembeni mwa mlango, yamefunikwa kwa kawa.